Sura ya Saba: Bakieni Nyumbani

Gari la matangazo lilipita tena chini ya dirisha, na Inspekta Caritas akaweka kikombe mezani asikilize. Kilianza kinanda. Ikafuata sauti ya binti aliyesoma kwa kasi, kana kwamba anatangaza mechi: "Watu wa Asiatique, watu wa asili ya Uarabuni, sikilizeni muzee wenu juu ya siku ya kura!" Kisha ikaja sauti ambayo nusu ya mji iliijua, ya Hadji Majid, nzito na ya taratibu, ya mtu aliyekula chumvi nyingi. "Ndugu zangu, bakieni nyumbani. Musitoke. Hakuna zambi. Mungu anajua nia zetu." Binti akamalizia kwa kuonya kwamba asiye na karatasi za babu yake asije akajitia aibu kwenye mlango wa kituo cha kura. Kinanda kikapanda, gari likakata kona.

Karatasi za babu hazikutakiwa popote. Mwenye karangamuntu, yaani kitambulisho, na kadi ya mpiga kura alikuwa na haki sawa na jirani yake, hata kama babu yake alishuka Bujumbura na bunda la kanga kutoka Muscat. Lakini familia hizo ni chache, zimezoea kuishi bila kuinua vichwa, na tangazo lilikuwa limewapata pale pale panapouma. Kura zilikuwa Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa, na uvumi ulikwisha kufika kituo cha polisi kwamba mtaa wote wa Asiatique umeamua kufunga milango siku hiyo.

Komiseri Gélase alisimama mlangoni, kofia mkononi, tayari kuondoka.

"We bado uko na ile tangazo?"

"Ni uongo, Komiseri. Wanazuia watu kupiga kura."

"Uongo ni ile ya karatasi, na ule binti hana jina. Mwenye jina ni Hadji Majid. Kama ni yeye alisema, basi ni mawazo yake, na mi siwezi kufunga muzee wa watu juu ya mawazo. Kama si yeye, niletee nani. Lakini haraka, mi nakwenda Gitega na vijana wote."

"Na mimi?"

"We utalinda bureau. Si huna mutu anakungoja?"

Hakusema kwa ubaya. Tangu Caritas afiwe na mume, wakubwa walimpa kazi zote za wikendi wakidhani wanamsaidia. Upweke ni kitu kibaya, na unakuwa mbaya zaidi wenzako wakishauingiza kwenye ratiba ya kazi. Gélase akashuka ngazi, magari yakaondoka, na jengo zima likabaki na Caritas na mlinzi wa geti.

Alianza na kinanda. Wimbo ule mfupi alikuwa amekwisha kuusikia, na alipokuwa anafunga ofisi akakumbuka wapi. Ulikuwa kwenye tangazo la magodoro. Mwuza magodoro alimtajia bila kusita mtu aliyelitengeneza: Jimmy, mwenye studio nyuma ya saluni moja huko Kamenge.

Jimmy alikuwa kijana mnene mwenye kujipenda, na sifa yake kubwa ilikuwa kuiga sauti. Askofu, mbunge, mama wa sokoni, wote walikaa kooni mwake. Caritas alipoingia alijiona amekwisha kumaliza kazi. Kesi ya mwigaji huwa nyepesi.

"Kinanda chako kinauza magodoro na kinauza hofu," alimwambia. "Hata hukukibadilisha."

Jimmy akacheka. "Afande, godoro, sabuni, kandidati, yote ni kuuza tu."

"Na muzee Majid umemwiga wewe."

"Apana!" Kicheko kikamkatika. "Mi naiga watu wote, lakini ile ni yeye mwenyewe. Walete hata majuji. Mutu anaweza kuiga ule uzito, lakini pumuzi yake apana. Sikiliza."

Akaondoa kinanda kwenye mashine, akacheza maneno ya mzee peke yake. Ilikuwa kweli. Kati ya sentensi na sentensi mzee alivuta pumzi fupi yenye mluzi, na hiyo pumzi haikuwa ya kuigizwa. Lakini chini ya maneno kulikuwa na kitu kingine, mngurumo usiokatika.

"Hii ni nini?"

"Bruit, makelele tu. Nilijaribu kuisafisha, ikakataa. Ndiyo maana nikajaza kinanda."

Caritas alifumba macho, akasogeza sikio. Alikuwa amelala chini ya mlio huo maisha yake yote. Ilikuwa mvua, tena mvua kubwa, juu ya mabati. Akafumbua macho, akatazama nje, ambako vumbi la kiangazi lilikuwa limepaka rangi moja majani, baiskeli na nguo za watu.

"Walisema ilirekodiwa lini?"

"Wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita mvua ilinyesha wapi, Jimmy?"

Jimmy akazima mashine.

"Nani alileta?"

"Mutu wa kampeni, simujui jina. Lakini alikuja na Talal, ule wa duka ya vitambaa, mutoto wa ndugu yake Hadji. Talal ndiye alisema muzee amerekodi kwa hiari yake, yeye mwenyewe akiwa amekaa pembeni. Mi nikasema, familia ikikubali, mi ni nani?"

Caritas akarudi mjini akiipima mvua hiyo kichwani. Haikutosha. Talal angeweza kusema mzee alitoa ushauri wake mapema, masika, na siku zilichanganywa tu kwa kusahau. Sauti ilikuwa ya kweli, na hapo Gélase angefunga faili. Aliyeweza kusema ndiyo au hapana alikuwa mmoja tu. Jambo la ajabu ni kwamba katika mtaa mzima wa Asiatique, uliokuwa unamtii, Caritas hakukuta hata mtu mmoja aliyekwenda kumwuliza mzee maana ya maneno yake.

Nyumba ya Hadji Majid ilikuwa nyuma ya duka lake la zamani, ambalo milango yake ya chuma ilikuwa imefungwa. Alifungua mama mmoja wa makamo aliyefunga kitenge kifuani, mwenye unga mikononi. Jina lake Jovithe, mpishi.

"Muzee anapumzika."

"Mwamshe umwambie ni polisi, mama. Kwa heshima."

"Anapumzika," Jovithe akarudia, na kwa namna alivyorudia Caritas akatambua kwamba neno hilo lilikuwa limesemwa mlangoni hapo mara nyingi mno.

"Kila mutu unamwambia hivyo?"

Jovithe akatazama unga wake. "Ndivyo anavyotaka."

"Nami sitakwenda mpaka nimwone."

Mzee alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, kofia yake ya Kiomani kichwani, shuka miguuni. Kutoka mlangoni alionekana yule yule. Caritas aliposogea ndipo akaona upande mmoja wa uso umeshuka, na mkono wa kulia umelala mapajani kama umewekwa hapo na mtu mwingine.

"Asalaam alaikum, Hadji."

Midomo ya mzee ikahangaika. Ikatoka pumzi, ile ile yenye mluzi, na baada ya pumzi hakikutoka kitu.

"Hawezi," Jovithe akasema nyuma yake. "Tangu ile Idi ya mvua. Siku ya pili yake alianguka kwenye douche, akioga. Daktari alisema ni AVC, kiharusi, kinywa kimekwenda na mukono umekwenda. Kichwa kiko sawa, anasikia yote. Usimusemeshe kama mutoto, hapendi."

"Na watu hawajui?"

"Hataki wamuone na mate yakitoka. Akanionyesha kwa mukono: sema napumzika. Mi nasema anapumzika. Mwanzo walikuja hapo mulangoni. Sasa hawaji. Wanasema Hadji amekuwa na kiburi."

Simu iliyokuwa mezani ikaanza kutetemeka. Mzee akaitazama. Ikaita, ikaita, ikasogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni, naye akaitazama mpaka iliponyamaza.

"Ni watoto wake wa Muscat," Jovithe akasema. "Kila Ijumaa. Nikipokea nawaambia amelala."

Caritas alitafuta kiti akakaa. Akatoa simu yake mwenyewe.

"Hadji, kuna jambo linapita mitaani kwa jina lako. Nataka ulisikie, halafu nikuulize."

Akacheza tangazo alilolichukua kwa Jimmy. Mzee aliposikia kinanda alikunja uso. Aliposikia "Ndugu zangu, bakieni nyumbani," uso ukafunguka. Aliinama mbele kiasi kwamba Jovithe alikimbilia kumshika bega. Sauti ikapita, binti akamaliza.

"Ulisema haya juu ya kura?"

Mzee akainua mkono wa kushoto. Caritas alidhani anakataa. Lakini kidole kilikuwa kinaelekea kwenye simu, kikagonga hewa, kikagonga tena.

"Anataka uirudishe," Jovithe akasema.

Akairudisha. Safari hii Majid alifumba macho, na machozi yakamshuka pande zote mbili za uso, upande ulio hai na ule uliokufa. Caritas akaelewa kwamba mzee hakuwa anasikiliza udanganyifu wowote. Alikuwa anajisikiliza mwenyewe. Hakuwa ameisikia sauti yake tangu ile Idi, na sasa imerudi nyumbani kwa mkono wa polisi. Akairudisha mara ya tatu bila kuombwa.

Kisha akauliza maswali yake, na mzee akajibu kwa kichwa. Juu ya kura? Hapana. Ni maneno ya siku nyingine? Ndiyo, ndiyo sana. Talal alikuja hapa wiki iliyopita? Hapana. Wiki ya kabla yake?

Mzee akamtazama Jovithe, na Jovithe akatazama sakafu.

"Tangu aanguke ameingia daktari," Jovithe akasema. "Na mutu wa kusoma mita ya maji, basi."

Caritas hakumwendea Talal jioni ile. Alirudi kwake Musaga, akapika mchele wa mtu mmoja, akala amesimama. Alikuwa na mzee asiyeweza kutoa ushahidi na mpishi ambaye wakili yeyote angemgeuza mwongo. Alihitaji maneno ya Talal mwenyewe, na tangu aanze kazi hii alikuwa hajaona njia bora ya kumshika mwongo kuliko kumpisha aseme.

Asubuhi Talal alikuwa dukani, katikati ya marobota ya vitambaa, mtu wa miaka arobaini na kitu, ndevu zimechongwa vizuri. Alimkaribisha inspekta kwa kiti na kahawa. Caritas akafungua faili, akatoa kalamu, akaweka sura ya mtu aliyechoka anayetaka kumaliza kazi aende nyumbani.

"Ni formalité tu, kujaza karatasi, mon frère. Komiseri anataka kujua kama Hadji alisema mwenyewe. Ukisema ndiyo, mi nafunga."

"Alisema mwenyewe, dada. Wallahi."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Jumapili iliyopita. Mi huwa naenda kwake kila wiki, ni baba yangu mudogo, nani mwingine atamuangalia?"

"Hongera. Wengi wamemsahau." Caritas akaandika. "Ikawaje?"

"Tukakaa. Tukakunywa kahawa, tukaongea juu ya mambo ya mji. Akasema yeye anaogopea watu wetu. Mi nikamuambia, baba, sema basi, nirekodi. Akasema."

"Kwa afya yuko sawa?"

"Mi siwezi kusema kijana," Talal akatabasamu. "Lakini kinywa! Ukimuanzisha habari za zamani hanyamazi."

"Na alikusindikiza?"

"Mpaka mulangoni. Akanishika mukono, huu, wa kulia, akaniombea dua kama kawaida yake. Anakaza mukono, ule muzee."

Caritas aliandika hadi nukta ya mwisho. Akamsomea yote taratibu. Talal akaitikia kwa kichwa kila mstari, akaweka sahihi yake yenye mikia mingi. Kalamu ilipotoka kwenye karatasi, Caritas akaivuta faili upande wake, na ile sura ya uchovu ikaondoka.

"Talal, Hadji Majid hasemi. Alianguka kesho yake ya ile Idi ya mvua. Kinywa kimekufa, na huo mkono wa kulia umekufa nao. Hajasema neno moja na mtu yeyote mpaka leo."

Talal alitabasamu kwanza, kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Mwisho haukuja. Akaweka kikombe chini.

"Nani amesema?"

"Nimemwona jana."

"Apana. Mutu angeniambia."

"Nani?"

Kutoka kwenye mlango wa duka lake milango ya chuma ya duka la Hadji ilionekana vizuri, hata kutu yake. Talal akaitazama.

"Yuko nani naye?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Jovithe. Nichezee sauti yote, Talal. Ile ambayo hamkuikata."

Akatoa simu bila kubisha. Sauti ilikuwa bado kwenye grupu ya msikiti, chini kabisa ya picha za harusi na salamu za Ijumaa. Mvua ikajaza duka, na ndani yake mzee akasema: "Ndugu zangu, uwanja umejaa maji. Bakieni nyumbani. Musitoke. Kila mutu asali kwake na watoto wake. Hakuna zambi. Mungu anajua nia zetu. Idi mubarak kwenu wote, tutaonana kesho." Ikakatika.

"Mi mukatoliki," Caritas akasema, "lakini hilo neno nia lilinisumbua usiku kucha. Nani anaenda kupiga kura na nia? Hilo ni neno la sala."

Talal hakusikia. "Alisema tutaonana kesho," alisema. "Na hiyo kesho mi nilikuwa na mizigo inashuka."

Baada ya hapo akamwaga yote bila kuvutwa. Mtu wa kampeni alimfuata dukani na maneno laini: kwamba ushindani wa kura katika komini hii ni mkali, kwamba watu wa Asiatique wakijitokeza wataonekana wamechagua upande, na baada ya kura mtu mbaya anaweza kuanza kuuliza babu wa nani alizaliwa wapi. Wakikaa ndani, hakuna atakayewakumbuka. Talal akaona ni busara. Alidhani anailinda familia.

"Nyumba hailindwi isipokuwa na watu wanaoingia ndani," Caritas akamwambia, kisha akajuta kidogo, kwa sababu alikuwa na dada huko Kinama ambaye hakumbuki walionana lini mara ya mwisho.

Alimpigia Gélase simu. Komiseri akasikiliza, akampongeza, akasema communiqué ya kukanusha itatoka Jumanne.

"Kura ni Jumatatu!"

"Caritas, mi siandiki communiqué. Umeshinda kesi. Pumuzika."

Alisimama na simu mkononi. Kesi alikuwa ameishinda kweli, na hakuna mtu hata mmoja ambaye angefungua mlango wake Jumatatu kwa sababu hiyo. Hata yeye akizunguka mtaa mzima na kipaza sauti, nani angeacha neno la Hadji afuate la polisi?

"Nitakukamata Jumatatu jioni," alimwambia Talal. "Kabla ya hapo nenda ukamwombe msamaha. Na umwulize anataka nini."

Akamsindikiza hadi kwa Jovithe, yeye akabaki nje. Hakusikia maneno, maana mwenye maneno alikuwa mmoja na alikuwa analia. Talal alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Anaonyesha kanzu," akasema. "Ile ya Idi. Mi nimemuambia, baba, watu watakuona. Akaonyesha tena kanzu."

Jumatatu Asiatique ilikuwa imefunga milango kama ilivyoahidiwa. Kwenye shule iliyofanywa kituo, mstari ulikuwa wa watu wa mitaa mingine. Caritas alikaa kivulini ng'ambo ya barabara, hakuna aliyemsalimia.

Kiti cha magurudumu kilikuja katikati ya barabara, Talal anasukuma, Jovithe pembeni na kitambaa cha kumfuta mzee mdomo. Majid alivaa kanzu nyeupe, kofia imekaa sawasawa, na uso wake alikuwa ameuacha wazi kwa yeyote mwenye macho. Pazia likasogea ghorofani. Mlango mmoja wa chuma ukapanda nusu, halafu wote. Watu wakatoka na kandambili, wengine wakafunga vifungo njiani, wakiulizana kwa sauti za chini: mbona Hadji anakwenda, si alisema tubaki? Hakuna aliyethubutu kumwuliza mwenyewe. Wakamfuata, na wajanja wakarudi ndani mbio kuchukua kadi. Walipofika shuleni, mstari nyuma ya kiti ulikuwa umefika getini.

Ndani ya darasa, kwa utaratibu wa pale, kila mpiga kura alitaja jina lake kwa sauti, ili waangalizi wa vyama wasikie.

"Jina lako, muzee?" karani akauliza bila kuinua kichwa.

Mstari wote ukanyamaza kwa heshima. Walikuwa wanaingoja ile sauti iwaeleze. Majid akafungua kinywa, akavuta pumzi yake yenye mluzi, na mate yakamshuka kwenye ndevu. Talal alitaka kusema, lakini mzee akainua mkono wa kushoto kumzuia, akajaribu tena. Hapakutoka kitu. Karani akainua kichwa.

Bibi mmoja wa nyuma yake, Moza, ambaye jiko lake na la Hadji yalitenganishwa na ukuta mmoja, akasogea mpaka mezani. Alikuwa amejifunika kinywa kwa ncha ya mtandio.

"Anaitwa Majid bin Nasor," alisema. "Ni jirani yangu." Akataka kuongeza neno, likamshinda, akalirudia tena mpaka likatoka. "Hatukujua."